Nani Anasikia? Kutoka Bunduki za Msafara Hadi Fataki za Meli

Najua nimepotea, lakini mwaka wa pili si mchezo, asaimenti juu ya asaimenti, na bumu lenyewe mnajua linavyoingia. Leo sileti umbea wa hosteli. Naleta historia, tena ya hapa hapa Tabora, ingawa itatupeleka majini.

Wiki iliyopita kwenye semina tulikuwa kwenye mada ile ile ya siku zote, biashara ya masafa marefu. Pembe za ndovu, chumvi, shaba, vitambaa, watumwa. Mwenzetu mmoja akauliza kwa utani: hivi msafara ukipatwa na balaa porini, au mtumbwi ukianza kuzama kule Ziwa Tanganyika, walikuwa wanamwita nani? Darasa likacheka, tukaendelea na pembe zetu. Mimi swali lile nikatoka nalo hadi kwenye kimbweta, na usiku sikulala vizuri, kwa sababu muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha Ukerewe, na Ukerewe mtoto wa Tabora hafiki kwa baiskeli.

Haya, tuanze na bunduki.

Msafara ulipokuwa unakaribia mji mkubwa, iwe Unyanyembe hapa kwetu au Ujiji kule mwisho wa njia, ulikuwa unapiga bunduki hewani. Mbele anatangulia kirangozi na bendera, kuna ngoma, kuna pembe zinapulizwa, halafu ile milio. Si sherehe peke yake. Ilikuwa taarifa: sisi ni watu wa heri, tunakuja na mali, tokeni mtupokee. Aliyekuja kimya kimya ndiye alitiliwa shaka. Stanley alipofika Ujiji mwezi Novemba 1871 akimtafuta Livingstone alifuata desturi hiyo hiyo, akaamuru watu wake wapige bunduki kabla ya kuingia. Mji mzima ukatoka nje. Susi, mtumishi wa Livingstone, akaja mbio kumlaki, na mengine mnayajua mpaka mmechoka nayo.

Lakini miezi michache kabla ya hapo, Agosti 1871, mlio ule ule ulikuwa na maana nyingine kabisa. Mirambo aliivamia Tabora na kuichoma. Stanley alikuwa Kwihara, pale ambapo leo ipo nyumba ya makumbusho ya Livingstone (wale ambao hamjafika, jamani, ni karibu kiasi kwamba mtu akienda asubuhi anarudi kula mchana). Milio ya bunduki ilisikika kutoka Tabora, na hakuna aliyedhani kuna msafara unakaribishwa. Watu wa Kwihara wakaanza kujiandaa kujilinda.

Hapo ndipo nilipoona jambo. Mlio wa bunduki peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni makubaliano: anayepiga na anayesikia wanajua wote, kwa wakati huo na mahali hapo, mlio una maana gani. Na lazima awepo wa kusikia. Katikati ya pori la Ugalla ungeweza kupiga baruti zako zote na simba tu ndiye angejua.

Sasa twende majini. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji wakitaka kulizunguka Ziwa Tanganyika. Chombo cha maana kilikuwa jahazi moja la mfanyabiashara Sheikh Hamid, lililokuwa ng'ambo ya ziwa. Speke akatumwa kwa mtumbwi kwenda kuliomba. Njiani dhoruba ikawapata wakiwa wamepiga kambi kisiwani, hema likachapwa na upepo, na alipowasha taa mende wakajaa ndani. Mmoja akamwingia sikioni. Akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo, matokeo yake sikio likaharibika. Nacheka, lakini fikiria dhoruba ile ingewakuta katikati ya maji. Usalama wao wote ulikuwa ni ujuzi wa wapiga makasia, watu wa ziwa, waliojua kusoma mawingu na kufuata ukingo wa nchi. Kifaa cha kuita msaada kilikuwa koo la mtu.

Halafu kuna kisa ambacho nashangaa hakimo kwenye vitabu vyetu vya sekondari. Mwaka 1882 baharia mmoja Mwingereza, Edward Coode Hore, aliyekuwa na wamisionari wa London Missionary Society, alitoka pwani na boti ya chuma iliyokatwa vipande. Boti yenyewe iliitwa Morning Star, na ilikuwa imeundwa kwa mtindo wa boti za kuokoa maisha. Vipande vikapakiwa kwenye mikokoteni iliyovutwa na watu, siyo punda, watu, kwa sababu wanyama walikuwa wanakufa njiani kwa mbung'o. Vikapita nchi hii ya Wanyamwezi mpaka Ujiji, vikafika mwanzoni mwa 1883. Kabla ya hapo Stanley naye alishabebesha watu boti yake, Lady Alice, kwa vipande vile vile, kutoka Bagamoyo mpaka Ziwa Victoria mwaka 1875, na mwaka uliofuata akazunguka nayo Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo mtu akikwambia vifaa vya uokoaji ni habari za watu wa Dar na Zanzibar, mwambie mabega ya babu zetu yanajua uzito wake. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba chuma cha boti ambayo wengi wao wasingeipanda kamwe. Majina ya boti tunayo, ya wenye boti tunayo, ya waliobeba ndiyo kazi kuyapata.

Baada ya wapagazi ikaja reli. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ndani ya mabehewa hayo ilipita meli nzima! Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma mbele ya Wabelgiji. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Tabora yenyewe ilianguka tarehe 19 Septemba mwaka huo huo.

Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliijaza mitambo grisi nzito. Walitegemea kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920, na Waingereza wakaitoa mwaka 1924. Mitambo ilikutwa inafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikabeba watu wa mwambao wa Tanganyika kwa miongo na miongo, na Mei 2015 ilikuwa inawachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma. Yote hayo, ukifuatilia sana, yanategemea watu fulani waliopaka grisi kwenye chombo walichokuwa wanakizamisha. Sijui nyie, mimi hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko vita yenyewe. Majenerali wana sanamu, wapaka grisi hawana.

Wakati huo huo dunia ilikuwa imepata sikio jipya. Mwaka 1906, kwenye mkutano wa Berlin, mataifa yalikubaliana kwamba meli yenye shida itatuma SOS kwa simu ya upepo, na makubaliano yakaanza kazi 1908. Watu wengi wanadhani SOS ni kifupi cha maneno fulani. Hapana, ilichaguliwa kwa sababu mlio wake ni rahisi kuutambua: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu. Ni kama bunduki za msafara, makubaliano tu. Huku kwetu Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na walikuwa na mpango wa kujenga kituo kikubwa sana hapa Tabora, cha kuongea na vile vya Togo na Namibia. Vita ikaingia, mpango ukafa. Nikipita mjini jioni huwa nawaza mnara ule ungesimama wapi.

Mwaka 1912 Titanic ikazama. Ilituma wito wa msaada, na meli ya Carpathia ikasikia na kuja, lakini meli ya Californian iliyokuwa karibu zaidi, mpiga simu wake alikuwa ameshazima mtambo na kulala. Sikio lilikuwepo, limelala. Kutokana na hapo ukaja mkataba wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, wa kwanza 1914, na huu unaotumika sasa ni wa 1974, ukirekebishwa kila mara. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura ukaanza kutumika kikamilifu, mambo ya nukta na mistari yakastaafu.

Naomba mnivumilie kidogo kwenye vifaa, kwa sababu hapa ndipo penye utamu, na nimekaa maktaba siku tatu. Meli ya safari za kimataifa inatakiwa kuwa na fataki 12 za roketi zenye parashuti, zikae karibu na chumba cha nahodha. Ukiifyatua inapanda si chini ya mita 300 na kuwaka nyekundu kwa sekunde 40 ikishuka taratibu. Sekunde 40 tu! Ukizifyatua zote kwa hofu dakika ya kwanza, umebaki na giza lako. Ndiyo maana mabaharia wanafundishwa kusubiri mpaka waone chombo au wasikie ndege. Kuna fataki za kushika mkononi, zinawaka dakika moja, unaishika upande upepo unakokwenda, nje ya ubavu wa boti, ili cheche zisichome boti ya mpira mliyoikalia. Kuna kopo la moshi wa rangi ya chungwa, la mchana, linatoa moshi dakika tatu. Kila moja imepigwa chapa ya tarehe ya kuisha muda. Baruti ikishika unyevu ni uchafu tu, na hakuna namna ya kuijaribu bila kuimaliza, kwa hiyo unaamini tarehe na unaamini aliyeitunza.

Halafu kuna kifaa kinachojulikana kwa herufi EPIRB. Hiki ndicho kilichonitoa jasho kwa furaha. Ni boya dogo lenye redio, linatuma ishara kwenye megahezi 406 kwenda setilaiti, likisema chombo fulani kiko hatarini. Linafungwa juu ya meli kwenye kikasha chenye kifyatuo kinachosikia uzito wa maji. Meli ikizama mita kati ya moja na nusu na nne hivi, kifyatuo kinakata chenyewe, boya linaibuka na kuanza kuita, liendelee kwa saa 48 angalau. Halihitaji mtu. Nahodha anaweza kuwa amekufa, boya linaita. Ila, na hii ila ni kubwa, kifyatuo hicho kwa kawaida hubadilishwa kila miaka miwili. Betri ina tarehe. Kifaa kinajaribiwa kila mwezi kwa kitufe cha majaribio. Na lazima kiandikishwe, la sivyo setilaiti inasikia kilio na hakuna anayejua mwenye kulia ni nani. Tena yale ya zamani ya megahezi 121.5, setilaiti ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009. Mtu anaweza kuwa nalo, linawaka taa vizuri kabisa, linaongea na mbingu iliyoziba masikio.

Mkataba wa SOLAS, kwa ufupi, ni wa safari za baharini za kimataifa. Vyombo vya maziwa yetu vinasimamiwa na sheria za nchi. Tanzania ina sheria ya meli ya mwaka 2003, msimamizi alikuwa SUMATRA na tangu 2018 ni TASAC, na nchi za Afrika Mashariki zilipitisha sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007. Kwa hiyo usiseme hakuna sheria.

Sasa nifike pale nilipokuwa napaogopa. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ya abiria 430, ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi karibu na Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800. Taifa lilikaa maombolezo siku tatu, Rais Mkapa akaunda tume chini ya Jaji Robert Kisanga. Wengi wa abiria wale walikuwa washuke Mwanza wapande treni, na treni ya Mwanza, mnajua, lazima ipite hapa Tabora. Wazee wa stesheni watakwambia ilivyokuwa kungoja watu ambao hawakuja.

Meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea ikiwa imegeuza tumbo juu, na watu walikuwa hai ndani, wanagonga chuma. Nje waliwasikia. Wakatoboa ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaibeba meli ikatoka, ikazama nao. Kila nikiisoma habari hii nasimama hapo. Kilio kilifika. Sikio lilikuwepo, mita chache tu. Lililokosekana ni ujuzi na vifaa vya waokoaji, na muda. Na ujue roketi 12 kwenye kabati la chumba cha nahodha hazimsaidii mtu meli ikilala ghafla. Kabati linakuwa chini ya maji kabla hujakumbuka ufunguo uko wapi.

MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ni karibu zaidi na sisi. Kivuko cha watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara, siku ya gulio. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Usiku ulipoingia uokoaji ukasimamishwa mpaka alfajiri. Siku ya pili yake baadaye, tarehe 22, fundi mmoja wa kivuko akatolewa akiwa hai, alikuwa amebaki kwenye sehemu yenye hewa. Hapo tena si suala la setilaiti. Ilikuwa mbele ya macho ya watu wa Bwisya.

Ninayelala naye chumba kimoja ni mtu wa huko huko Ukara. Alikuwa sekondari wakati ule. Hapendi kuongea, lakini nilipomsomea rasimu hii alisema jambo moja: waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na hakuna aliyewaita kwa redio. Walisikia mayowe. Nikakumbuka na ile ndege iliyoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19; huko nako wavuvi ndio waliotangulia. Kwa hiyo mtu akiniuliza mfumo wa dharura wa maziwa yetu ni upi, kwa historia ninayoijua nitamjibu: mvuvi. Hana fataki, hana mafunzo, mara nyingi hana hata jaketi la kuokolea la kwake mwenyewe. Tangu Speke mpaka leo tunamtegemea yeye, na kwenye bajeti anakuja mwisho.

Mwaka jana nilipanda kivuko kimoja, sikitaji, kwenda msibani. Mimi mtu wa Tabora, maji yangu ni bwawa la Igombe na haya ya bombani yaliyoletwa kutoka Ziwa Victoria, kuogelea sijui. Nikaangalia juu. Majaketi yalikuwepo, mazuri, ya rangi ya chungwa, yamefungwa kwa waya kwenye dari. Waya! Siyo kamba ya kuvuta. Nikamwuliza mhudumu, kwa heshima, kaka hapa ikitokea shida tunafanyaje? Akaniambia mwalimu usituletee mikosi. Abiria wakacheka. Ukutani palikuwa na sanduku jekundu limeandikwa fataki, lina kufuli, na tarehe imefutika kwa jua. Nikauliza na ufunguo. Ufunguo anao bosi, na bosi alikuwa amebaki ng'ambo.

Ile ya mikosi imenikaa. Kirangozi wa zamani asingekubali kutoka Unyanyembe bila kujua nani ana baruti kavu. Angekagua, na asingeitwa mwenye mikosi, angeitwa kiongozi. Sisi tumefika mahali ambapo kuuliza habari ya boya ni kumwita shetani.

Muhula ujao kule Ukerewe nitafundisha biashara ya masafa marefu kidato cha pili. Nimeamua pembe na chumvi nitazipa kipindi kimoja, kipindi cha pili kitakuwa cha Morning Star, grisi ya Liemba na yale maboya ya 406, na kama mwalimu mlezi ataniruhusu, tutashuka na wanafunzi mpaka gatini tukahesabu majaketi na kusoma tarehe kwenye fataki. Baadhi ya watoto wale wanavuka maji kuja shule.

Ombi langu kwenu: kama una babu au mjomba aliyewahi kupiga simu ya upepo kwenye meli za Victoria au Tanganyika, au aliyefanya kazi ya kukagua vifaa bandarini Kigoma au Mwanza, mwombe akusimulie siku moja tu ya kazi yake, walikuwa wanamwita nani na nani alikuwa anaitika, halafu uniletee. Nitapiga nakala, nitaenda nazo.

Nakimbia, foleni ya msosi imeshafika mlangoni.